Mwaka Kaka Yangu Alipojifunza Kupatana Bei

Jambo zima lilitugharimu shilingi milioni nne na laki moja. Nilipohesabu mara ya kwanza nikiwa na wifi yangu tulipata milioni nne na laki tatu. Nikahesabu tena bila yeye, laki mbili zikaondoka, kwa sababu alikuwa ameingiza humo na nauli zake zote za boda za kwenda Kibuli kumlilia mama yake. Machozi ya mtu hayaingii kwenye gharama. Aliyenuna na anune.

Watu wa baraza letu wanakisimulia kisa hiki kama kisa cha pesa, kwa sababu pesa ndicho kitu pekee wanachoweza kukisimulia bila kukosea. Hawajui wanachosema. Kaka yangu ana vidonge vinavyompa mkono wake na kumnyang'anya uwezo wa kusema hapana. Akiviacha, anarudishiwa hapana yake na kunyang'anywa mkono. Lazima achague, na kuchagua ndiko kulikoharibika.

Yeye ni mshonaji wa nakshi za kanzu. Anakaa Old Kampala, kwenye baraza la duka la zamani la Wahindi, chini kidogo ya msikiti. Kanzu ya kwetu Uganda bila ile nakshi nyekundu ya shingoni na kifuani ni shuka la hospitali tu. Cherehani inaweza kuitia, na wengi sasa wanavaa za cherehani na kudhani hatuoni. Lakini bwana harusi mwenye wakwe wakali hutafuta ya mkono, na ya mkono ilikuwa ni kaka yangu.

Mimi nauza mapazia ya mitumba Nakivubo. Tangu nizaliwe sijalipa bei ya kwanza. Hata siku ya mahari yangu nilisimama nyuma ya pazia nikimkonyeza mjomba apandishe. Kaka yangu alikuwa kinyume changu. Akiambiwa nyanya elfu tano, anatoa elfu tano, anashukuru, halafu anamuuliza mwenye nyanya habari za watoto. Nilikuwa naona aibu kutembea naye sokoni. Wenzangu walimwita Haji, ingawa safari ndefu aliyowahi kwenda ni Bombo kwenye msiba, na walipomwona tu walipandisha bei kabla hajafika.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa hapa kutoka Sudan wakibeba bunduki za watu wengine, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Kwa hiyo habari ya uhuru wa kuchagua si somo tulilolianza mapema katika ukoo wetu. Nalitaja hilo kwa sababu daktari alipotuletea somo hilo alidhani tutashangaa.

Ugonjwa ulianza kwenye vidole. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilianza kusuguana, polepole, muda wote, kama mtu anayehesabu noti ambazo hana. Mwanzoni tulisema ni chai nyingi. Halafu baridi. Halafu husuda ya mshonaji jirani, ambaye kwa ushonaji wake angepaswa kuonea husuda hata mbuzi. Kaka mwenyewe alikuwa akiutazama ule mkono uliolala pajani, ukihesabu noti zake, na akasema neno ambalo nililicheka wakati ule.

"Mkono huu una tajiri mwingine. Mimi naulisha tu."

Mwisho sindano ilikuwa inamchoma yeye kuliko kitambaa. Mabwana harusi wakaanza kuchukua kanzu zao nusu, kwa heshima nyingi, wakisema wanasafiri. Ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana aliyekulia kambini. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride: kifupi, kimenyooka, ngeli zote zimepewa likizo.

"Mzee," alimwambia kaka, "kwa kichwa kuna dawa yako mwenyewe, inaitwa dopamini. Hiyo ndiyo inapeleka amri kwa mkono. Yako imepungua. Mimi nakupa kidonge ingine inajifanya ni hiyo. Inadanganya ubongo. Ubongo inakubali."

"Inadanganyika kirahisi hivyo?" nikauliza.

"Mama, sana."

Kikafanya kazi, na sitakidhulumu kidonge sifa yake. Dozi ilipandishwa kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa vidole viliacha kuhesabu. Kaka alishika kikombe bila sahani ya kukinga. Alisujudu akainuka bila mtu kumshika kwapa. Akarudi barazani akatunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza tu, na wifi yangu akapiga kigelegele mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia nani anaolewa.

Halafu siku moja alikuja kwenye kibanda changu akivuta sanduku la safari. Kijivu, la magurudumu, lenye zipu mbili. Sikumuuliza anasafiri kwenda wapi, nilianza na swali la watu wenye akili.

"Bei gani?"

"Alianza laki na themanini. Nimechukua kwa tisini."

Nikalikagua. Nikafungua zipu, nikafunga. Nikalisukuma, nikalivuta. Kisha nikamwachia kibanda nikaenda kwa wauza masanduku watatu kuulizia lile lile, na mimi huyu, mwenyeji wa soko, mwenye mdomo huu, hakuna aliyenishushia chini ya laki na ishirini. Nikarudi nikamtazama kaka yangu kama mtu aliyemsikia kuku jike akiwika.

"Ulifanyaje?"

"Nilimwambia themanini akakataa. Nikaondoka. Akaniita."

"Uliondoka kweli, au ulisimama kando unamtazama kwa pembe ya jicho?"

"Niliondoka kweli, mdogo wangu. Na moyo ulikuwa unapiga huo! Nilikuwa kama kijana." Akacheka. Miaka mingi sikuwa nimemwona akicheka na meno yote.

Nilimtangaza mstari mzima wa vibanda. Niliwaambia wale wale waliokuwa wakimpandishia bei kwamba sasa wajihadhari, damu imeamka.

Akanunua la pili, bei bora zaidi. La tatu akasema ni zawadi ya mtoto wa jirani anayekwenda shule ya bweni. Kila aliponunua nilikuwa nauliza bei, na kila bei ilikuwa nzuri, na bei ikiwa nzuri mimi sina swali jingine. Hapo ndipo tulipopotea, na ni upotevu wa watu wa biashara tu. Mwalimu au mkulima asingepotea hivyo. Kwetu mtu akirogwa, akilewa, akipenda, akichanganyikiwa, utamjua kwa bei anayolipa. Mwendawazimu hulipa ghali. Kaka yangu alikuwa analipa chini ya bei ya jumla. Kwa mizani hiyo alikuwa na akili kuliko ukoo wote.

Na ngojeni, kuna kubwa zaidi. Tulipokwenda kuonana na daktari, alimuuliza kaka mbele yetu, mimi na wifi tukiwa tumekaa kwenye benchi: "Mzee, kuna tabia imebadilika? Kamari? Wanawake? Kununua-nunua?"

Tulijibu watatu kwa pamoja, tena kwa majivuno. Kamari hapana, ni Mwislamu. Wanawake hapana, ana huyu na anamtosha. Kununua?

"Daktari," nilisema, "huyu zamani alikuwa haijui bei hata ya chumvi. Sasa amejifunza kupatana. Dawa yako imemfungua kichwa."

Daktari akacheka na sisi. Akaandika. Yaani tulimpelekea ugonjwa mezani, umeoshwa, umefungwa kwenye karatasi ya zawadi, na yeye akaupokea akasema asante.

Aliyegundua ni wifi yangu, na aligundua kitu kingine kabisa. Ili mgeni aelewe: kwetu sanduku si chombo cha safari tu. Mwanamume akitaka kuoa hupeleka kwa bibi harusi sanduku limejaa nguo, manukato, viatu, na kina mama hulifungua mbele ya watu na kuhukumu. Sasa fikiria mke ameingia chumba cha stoo kutafuta jiko la mkaa, akakuta masanduku mapya yamepangwa ukutani, yamefunikwa kwa shuka.

Akanipigia simu. "Wifi, njoo. Kaka yako anaoa."

"Anamuoa nani?"

"Kama ni mmoja tuna bahati. Masanduku ni tisa."

Nilipofika nilihesabu tisa. Nikahesabu tena, tisa. Wifi akajitupa juu ya moja ili alie vizuri, na lile sanduku halikulia kama kitu kitupu. Tukalifungua. Ndani mlikuwa na sanduku. Ndani ya hilo mlikuwa na dogo, jipya, bado lina karatasi ya bei. Tukafungua yote. Mimi ninayejisifu kuhesabu kila kitu mara mbili nilikuwa nimehesabu mara mbili vifuniko. Yalikuwa ishirini na tatu. Na pesa za mabati ya kuezekea nyumba yao, zilizokuwa zikikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, zilikuwa zimegeuka magurudumu.

Kaka akarudi kutoka sala ya alasiri akatukuta tumekaa katikati ya masanduku kama watu wa uwanja wa ndege waliokosa ndege.

"Haya," wifi akamwambia. "Mtaje."

"Nimtaje nani?"

"Huyo mwenye masanduku. Ni binti wa nani? Wa Bombo au wa hapa hapa?"

"Hakuna mtu, mama watoto. Naapa."

"Basi ya nini yote haya?"

Kaka aliyatazama. Nilitegemea uongo, na mimi uongo naujua, naununua na kuuuza kila siku. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta jibu na yeye mwenyewe.

"Yalikuwa bei nzuri," akasema.

"Hata la ishirini na tatu?"

"Hilo ndilo lililokuwa zuri zaidi." Halafu kwa sauti ndogo: "Nikishafika nalo nyumbani silitaki. Sijui. Njiani tu tayari silitaki."

Wifi hakuamini hata kidogo. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya mambo yasiyoaminika, nayo ni kwenda kuona. Siku iliyofuata nikamwambia kaka twende wote Nakivubo, tupite mstari wa masanduku, na hatununui. Akakubali upesi, hata akafurahi. Akanikabidhi kila shilingi aliyokuwa nayo mfukoni, na mimi nikazitia kifuani pamoja na zangu, mahali ambapo hata mwizi wa Nakivubo huomba ruhusa.

"Sina pesa," akasema, "kwa hiyo sina neno."

Mwenye masanduku alimwona tangu mbali. "Haji! Umetupotea, ssebo! Leo iko mzigo mpya, kitu mzuli sana. Angalia tu, kuangalia haturipishi."

"Tunapita," nikajibu mimi.

"Tunapita," kaka akasema pia. Mguu wake ukageuka kweli, nilikuwa nautazama. Na mdomo ukasema: "Bei gani?"

"Haji ni wangu. Laki mbili."

"Sabini."

"Sabini ni ya magurudumu tu!"

"Basi toa magurudumu, nipe lililobaki kwa hamsini."

Mstari ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, lilikuwa neno zuri, ningependa kulisema mimi. Nikamvuta mkono wa kanzu. "Kaka, twende."

"Naenda," alisema, na alikuwa anamaanisha. Namjua kaka yangu akimaanisha. Tukapiga hatua. Yule mtu akashuka mpaka laki na thelathini kwa kelele, na kaka akageuza shingo, shingo peke yake, mwili ukiwa bado unakwenda. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto siku ya Idi. Mkono wa kulia ulikuwa umetulia tuli, wala kidole hakikucheza.

"Tisini na tano, na sirudi tena."

"Kale, haya, chukua!"

Hapo tena. Sokoni kwetu, kabla hujataja bei wewe ni mfalme. Unaweza kushika, kunusa, kutukana, kuondoka. Ukishataja, na mwenzako akasema chukua, umenunua. Kurudi nyuma ni tusi, na tusi hilo hukaa. Mstari mzima ulikuwa umesikia, na mstari mzima unanijua mimi. Mtu ambaye kaka yake anataja bei na kukimbia, kesho nani atamuuzia marobota kwa ahadi?

Kaka akanigeukia. "Nimesema?"

"Umesema."

"Nilikuwa nataka kusema twende."

Nikaingiza mkono kifuani nikatoa tisini na tano. Zangu.

Kwa daktari nilikwenda siku hiyo hiyo na kaka na wifi, nikiwa na sanduku. Nililiweka juu ya meza yake. Alikuwa mwepesi kuelewa, hilo nampa. Alilitazama sanduku, akamtazama kaka, akashika paji la uso wake.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nne. Hili linahesabiwa peke yake, ni langu."

Akatueleza. Kidonge kinachojifanya dopamini hakiendi kwa mkono peke yake. Kinakwenda pia mahali ambapo ubongo hupima kitu kinachokuja, ile raha ya kukaribia kupata, na kwa watu wengine huko kinazidisha. Wengine wanacheza kamari, wengine wanakula bila kushiba, wengine wananunua. "Ni kama gari," akasema. "Akselereta inakanyagwa, breki iko dhaifu."

Sijui kwa nini kila mtu anayeeleza kichwa katika mji huu lazima akipeleke gereji. Fundi wa simu anasema ubongo ni simu, mwenye boda anasema ni injini, na huyu aliyesoma miaka yote ile naye hana kingine ila breki.

"Sitaki gari," nikamwambia. "Niambie jambo moja. Aliyenunua ni yeye au si yeye?"

"Ni dawa, mama."

"Dawa haijui kusema toa magurudumu nipe lililobaki. Ule utani ni wake. Nilicheka mimi mwenyewe."

"Ni yeye na dawa," akakubali.

"Nusu kwa nusu?"

"Hatuwezi kugawa hivyo."

"Kila kitu kinagawika. Sema thelathini yake, sabini ya dawa, tuendelee."

"Mama, unapatana bei na mimi?"

"Nani mwingine ninayeweza kupatana naye? Yeye ameniharibia."

Wifi akauliza swali moja. "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Hakuna, mama. Ni ubongo."

Nilidhani atapumua. Badala yake alikunja uso. "Mke mwenza ningempiga," alisema. "Ubongo nitaupiga vipi?"

Nadhani daktari alitaka kutufariji, akatupa na nyongeza. Akasema hata sisi tusiomeza kitu tusijidai sana. Kuna wataalamu wanaodai kwamba mtu akitaka kuinua kidole, ubongo unakuwa umeshaanza kujiandaa kabla yeye mwenyewe hajahisi kwamba ameamua. Akasema wenzao wanabisha maana yake mpaka leo.

"Hilo tu?" nikamwambia. "Kwetu mteja akishakunja pazia kuona upana, ameshanunua. Kinachobaki kuongea ni mdomo."

"Na wewe ukiona amekunja unafanya nini?"

"Napandisha bei."

"Basi mama," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimheshimu, "wewe pia ni dawa."

Tulijaribu kurudisha. Nilikwenda na maneno yamepangwa vizuri, nikamwambia mwenye masanduku kwamba aliyenunua hakuwa kaka yangu hasa, ulikuwa ugonjwa.

"Nnyabo," akanijibu, "basi ugonjwa uje na risiti."

Na mji ulipopata habari, ukaichukua kwa furaha kama unavyochukua kila kitu cha bure. Mwanamke mmoja ninayemdai mapazia mawili aliniambia, bila haya, kwamba hakukusudia kuchelewesha. Ubongo wake ulikuwa umeshaamua kabla yake. Nikamwambia wangu pia umeshaamua, na mkono wangu ukachukua kapu lake la samaki. Mwenye boda aliyegonga kibanda changu akasema breki ya kichwa. Watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kukosa kisingizio wakapewa kingine, tena cha kisayansi. Ila aliyekuwa na haki nacho, kaka yangu, hakukitumia hata siku moja. Kila akiulizwa alisema: "Nilinunua mimi." Wifi alimrekebisha: "Sema yalinunuliwa." Akakataa. "Nilikuwepo," alisema. "Nilifurahi. Nitasemaje sikuwa mimi?"

Daktari alianza kupunguza vidonge, polepole, kwa sababu kuviacha ghafla ni hatari. Tamaa ikashuka. Kaka akapita Nakivubo na mimi, akapita masanduku, viatu, redio, akamsalimia kila mtu na kuuliza habari za watoto. Alinunua nanasi kwa bei ya kwanza. Sikujua kwamba siku moja ningemwona mtu akipunjwa nanasi na kutaka kulia kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo vidole vikaanza kuhesabu noti.

Alinishika, kwa ule mkono unaotetemeka, akaniambia: "Nikatieni vidonge kabisa. Na mdogo wangu, nisikilize. Hata nikija kukuomba baadaye, hata nikikuapia, usinirudishie. Yule wa vidonge siyo mtu wa kumsikiliza. Anakula nyumba yangu akicheka."

Nikaahidi. Neno langu ni neno.

Halafu akakakamaa, akaanguka bafuni, na daktari ikabidi apandishe dozi kidogo asije akavunjika nyonga. Mkono ukatulia tena. Akamaliza kanzu iliyokuwa imekaa miezi, ya kijana wa Kibuli, na sijaona nakshi kama ile; bwana harusi aliishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Kaka akanikalisha barazani, macho makavu, sauti ya upole, akili zote mahali pake.

"Ile ahadi uliyonipa," akasema, "ifute."

"Ulisema nisikusikilize ukisema hivyo."

"Yule alikuwa anaongea kwa hofu. Mtu asiyeweza hata kufunga kifungo chake atasema lolote. Mimi nashona, nasali, nakula kwa mkono wangu. Wekeni pesa mbali, nifungieni mlango wa soko, nitavumilia. Lakini msinirudishe kwa yule. Yule amekaa tu anasubiri kufa."

Sasa wote wawili wana sababu nzuri. Wote wawili ni wapole. Kila mmoja anamsema mwenzake kwamba ndiye ugonjwa. Na hivi ninavyoandika bado ana hamu. Juzi nimemkuta amesimama mbele ya muuza kufuli, mikono nyuma, jasho linamtoka, hakununua. Wifi anasema hiyo ni dalili njema. Mimi naona ni mtu anayejinyonga kidogo kidogo ili atupendeze.

Daktari amesema kuna njia mbili. Kwanza, aache kidonge hiki kabisa, apewe kingine cha aina ya zamani, ambacho hakiamshi sana tamaa. Kikombe atakishika, sindano daktari hajui. Pili, abaki na hiki kwa dozi ndogo, tumlinde kama anavyolindwa mtoto dukani, miaka yote iliyobaki. Nilimuuliza angekuwa baba yake angefanyaje. Akajibu kama wanavyojibu wote waliosoma: uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa mwenyewe! Nimezoea kupatana na mtu mmoja upande wa pili wa meza, hata awe mkaidi kiasi gani. Hapa wamenikalia wawili kwenye kiti kimoja, na yeyote nitakayeshikana naye mkono, mwenzake atakuwa amedhulumiwa na mimi.

Miadi ni Jumanne. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umewahi kumuuguza mtu wa namna hii, mume, mama, kaka, nakuomba uniambie kabla ya hapo: ulimsikiliza yupi? Yule aliyekuahidisha, au yule aliyekuja kuivunja ahadi? Na baadaye, ulipomtazama akila chakula chake, ulijuaje kwamba hukukosea? Niambie lolote ulilonalo, ila usiniambie nimuulize mwenyewe.